Nani Kamnyoa Nahodha wa Angani?

Mama yangu alikuwa matroni wa bweni la wasichana tangu sijazaliwa. Kazi amestaafu, maswali hajastaafu. Siku hizi anawahoji watu wa filamu za angani. Hukaa kwenye kochi lake, miguu juu ya stuli, rimoti kaikumbatia, na chombo kikiruka tu anaanza: "Hao watu maji ya kuoga wanapata wapi?"

Mimi bintiye, niliyevuka thelathini bila kuolewa, filamu hizo zimeniponza. Kila mchumba ninayemleta huketishwa mbele ya televisheni. Wa kwanza, mwalimu, alijibu, "Lakini mama, hiyo si ni filamu tu?" Mama akazima televisheni, akamletea viatu vyake. Wa pili, dereva, yeye alilala, akakoroma kuliko injini ya chombo.

Kwa hiyo siku niliyomleta fundi friji nilimwomba Mungu umeme ukatike. Huyu nilimpenda kweli, si mchezo. Filamu ikaanza, na mama naye akaanza.

"Baba, huko juu vitu si vinaelea? Mbona wao wanatembea?"

"Viatu vyao vina sumaku, mama."

"Na nywele za yule dada? Nazo zina sumaku?"

"Kapaka mafuta mazito. Ndiyo sheria ya chombo."

Mama akanitupia jicho. Nikajifanya naangalia dari.

"Wamelala kwenye masanduku miaka mia. Nahodha kaamka kidevu kinang'aa. Nani kamnyoa?"

"Kinyozi yumo, mama. Alianza babu, sasa ananyoa mjukuu. Ni kazi ya ukoo."

"Na lile dude lenye macho saba, lugha yetu limejifunza wapi?"

"Linanasa redio zetu. Lisikilize vizuri, si kama linasoma taarifa ya habari?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwongezea chai, akampa na mto wake, mto ambao hata marehemu baba hakuwahi kuuegemea. Kichwani mwangu nikaanza kuchagua rangi ya gauni.

Filamu ilipokwisha, fundi akatoka nje kupokea simu. Mama akanivuta jikoni.

"Huyu usiolewe naye."

"Mama! Si amejibu yote?"

"Ndiyo maana. Mwanangu, maisha yangu yote nimesikiliza wasichana waliochelewa kurudi bwenini. Msema kweli hukwama mahali, akasema, 'Hapo matroni hata mimi sijui.' Mwongo ana jibu hata la swali ambalo hujamuuliza."

Nikamwambia kweli binadamu hana jema, nikatoka machozi yakinilenga. Nilimsindikiza fundi mpaka getini, na ili tu mama aone alivyokosea, nikamuuliza, "Jumamosi nilikupigia hukupokea. Ulikuwa wapi?"

Hata mate hakumeza. Eti friji ya hoteli ilizimika, akaingia nyuma yake, simu akaiacha nje isilowe, mlinzi akaifungia ofisini, na mwenye ufunguo alikuwa harusini. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, tena ya lami.

Mama akapaza sauti dirishani: "Muulize hiyo harusi ilikuwa ya nani!"

"Ya mpwa wa huyo mwenye ufunguo, mama," fundi akajibu papo hapo. "Yule wa pili, anayeishi karibu na stendi."

Niliumia, maana nilimpenda. Nikafungua geti, nikamtakia safari njema.