Kamera Isiyo ya Jengo

Déo alikuwa fundi wa kamera asiyependa kutazamwa. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo, na picha za harusi zilipopigwa alijipa kazi ya kushika mikoba ya watu. Alizaliwa Bujumbura, akakulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na huko alijifunza kwamba anayekutafuta si lazima akuone mwenyewe. Inatosha mtu mwingine akuone. Kisha Toronto ikampa kazi ya kupachika macho kwenye kuta.

Siku ile alikuwa mtaa wa Weston, katika jengo la zamani karibu na mto. Kila meneja aliyepita alinunua kamera za kampuni aliyoipenda, kisha akaondoka na nywila zake. Meneja mpya alitaka zote zionekane kwenye skrini moja, na kwanza ilibidi zijulikane: ipi ni ipi, na iko wapi. Déo aliunganisha kompyuta kwenye mtandao wa jengo, akaamuru kila kifaa kiitike. Tarakimu za mwanzo za namba ya kifaa zilimwonyesha kampuni iliyokitengeneza. Kisha akajitupia shuka jekundu begani, akatembea korido kwa korido, huku msimamizi wa jengo, Mzee Kazim, akibaki ofisini kumtafuta kwenye skrini.

"Nakuona! Mmasai aliyepotea njia," Kazim alicheka kwenye simu. Alikuwa Mwismaili wa Mwanza, na Kiswahili chake hakikuwa kimeota kutu hata kidogo.

"Mzee, niambie ni kamera gani."

"Ile ya Kikorea. Hapo mbele ya lifti. Haya, endelea, swara wanakusubiri."

Kufikia alasiri zote zilikuwa na majina, isipokuwa moja. Tarakimu zake hazikuwa za kampuni yoyote aliyoijua. Déo alirudi ofisini, akaijaribu kwa nywila ya kiwandani. Ikafunguka.

Haikuwa korido. Ilikuwa meza, na mwanamke akichambua mboga ya lengalenga. Nyuma yake lilining'inia pazia la njano ambalo mke wa Déo alilishona kwa mkono wake.

Kazim aliacha kucheka. "Huyu si Amandine wa ghorofa ya tisa?"

Alikuwa yeye. Amandine alimkimbia mumewe, Patrick, kutoka Montreal, baada ya kuvunjwa mkono. Waliojua anapoishi walikuwa wachache. Alipopata nyumba, kanisa lilimfanyia kama lilivyomfanyia kila anayeanza upya: watu walileta vitu na kuvirundika katika chumba cha nyuma, bila majina, ili asisifiwe mtoaji. Masufuria, mablanketi, na saa ya mezani inayoshika redio za nyumbani kwa intaneti. Déo mwenyewe alivipandisha juu. Kuuliza saa imeletwa na nani kungekuwa utovu wa adabu. Amandine aliiweka kwenye rafu, ikielekea meza, akaipa nywila ya Wi-Fi ya jengo. Picha hii ilitoka kwenye rafu hiyo: kamera ilifichwa ndani ya saa.

Pembeni mwa picha palikuwa na maandishi madogo: watazamaji, wawili.

"Mimi na wewe," Kazim alisema.

"Hapana, mzee. Sisi tunahesabiwa mmoja."

Mwanamke kwenye skrini alijikuna shingo. Déo akakumbuka: Wi-Fi ya pale iliitwa kwa jina la jengo. Mwenye saa alikuwa ameshalisoma, na saa ikiwa na masikio, huenda alishasikia hata namba ya mlango.

"Nenda ukaing'oe," Kazim alinong'ona.

"Ataniona naing'oa."

Mzee akafikiri, kisha akashika waya unaolisha Wi-Fi ya jengo zima. "Basi nawazimia wote. Ataona ni hitilafu. Wapangaji watanitukana mimi, nimezoea." Akauchomoa. Kamera za jengo ziliendelea kuonyesha, kwa kuwa hizo zilitumia nyaya za ndani. Picha ya meza, iliyopitia Wi-Fi, ilitoweka.

Déo alipanda juu na kugonga.

"Yesu asifiwe. Ni Déo."

Mnyororo ukalia. "Amina, yaya," Amandine alijibu, akimwita kaka kwa desturi ya kwao. "Karibu, mboga haijaiva bado."

"Vaa koti utoke. Usiulize humo ndani."

Alimweleza koridoni. Amandine hakulia. Alitazama mlango wake kama mlango wa mtu mwingine.

"Kila asubuhi namuombea aliyetoa ile saa," alisema. "Sikujua jina, nikawa namwita ndugu yangu."

Simu ya Déo ilitetemeka, akaipokea kwa spika. Sauti ya Kazim ilikuwa nyembamba. "Kuna mwanamume mlango wa mbele. Anabonyeza kengele za watu ovyo."

"Anachechemea?" Amandine aliuliza.

"Kidogo. Mguu wa kushoto."

"Ni yeye," Amandine alisema. Ndipo Déo alipoelewa: Patrick hakuwa Montreal. Alikuwa hapo barabarani, akitazama, na picha ilipokatika uvumilivu ulimwishia.

"Mama mmoja mwenye mizigo amemshikia mlango," Kazim alisema. "Mungu wangu, anamwambia asante. Nimeshaita polisi. Anaingia kwenye lifti. Shukeni kwa ngazi!"

Walishuka. Kazim aliwasimulia alichokiona, kamera baada ya kamera, kwa majina waliyozipa siku ile: yumo kwenye lifti, ametoka, yuko korido ya tisa. Kisha hawakuhitaji kuambiwa. Kishindo cha ngumi mlangoni kilishuka ngazi nzima, na Amandine akaziba mdomo kwa mtandio wake ili pumzi isisikike.

Walitokea nyuma, kwenye mapipa ya taka, wakaingia kwenye gari la Déo. Alifunga milango yote, kisha akaikagua tena. Ving'ora vilikuwa vikija. Baada ya muda Kazim alipiga simu.

"Wamemkamata pale pale mlangoni. Anawaambia amekuja kumsalimia mkewe."

Déo alishusha pumzi. "Twende nyumbani kwangu. Mke wangu atakutandikia."

"Hapana, yaya." Amandine alikuwa amejikunja chini ya kiwango cha dirisha. "Ile saa haikujipeleka kanisani. Nipeleke kwa watu nisiowajua."

"Hata mke wangu?"

Amandine alivuta mtandio, akajifunika uso. Déo aliwasha gari, akashika njia isiyoelekea kwake.