Mama Plagi na Mtungi Wake

Fundi wa gereji iliyo mkabala na shule yetu tunamwita Mama Plagi, kwa sababu huziamini plagi kuliko anavyowaamini watu. Huchomoa moja injini ingali ya moto, akaipuliza, akaigeuzageuza juani kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa. “Bado nyeupe, injini haipati petroli ya kutosha,” husema, kisha huiongezea kidogo na kumtuma mpwa wake azunguke tena mtaa mzima. Mpwa ana mashindano ya magari kesho, na gari ni la baba yake, ambaye hajaambiwa. Yeye anachotaka ni mtungi wa naitrasi, gesi ya kuipa injini kasi, ufunguliwe, gari lipae. Lakini Mama Plagi ameulaza mtungi chini na kuukalia, anakunywa chai.

“Shangazi, inuka basi.”

“Gesi hii ni hewa juu ya hewa. Isipopata petroli ya kutosha, pistoni zitayeyuka kama mshumaa, halafu kaka yangu akuyeyushe wewe.”

Akijiinua kidogo kujikuna, mpwa huurukia mtungi. Shangazi naye huketi tena taratibu, kama kuku juu ya mayai.

Leo jioni plagi imetoka na rangi ya kahawia, ile aliyokuwa akiingoja. Ameitazama weee, akainuka, akaufunga mtungi garini, akaingia kwenye kiti cha abiria na kukaza mkanda. Mpwa kashika usukani, kidole hakifiki kwenye swichi ya gesi.

“Shangazi, una hakika?”

“Mimi si nimepanda, baba? Twende, au nirudi kuukalia mtungi?”