Harusi ya Pwani Iliyofungwa Mang'ola

Nauza makoti ya mitumba sokoni Karatu. Wageni wanaokwenda Ngorongoro huja na kaptula kwa sababu kuna mtu aliwaambia Afrika ni joto. Wakishasimama ukingoni mwa kreta asubuhi moja tu, kesho yake wananitafuta wenyewe. Huyo aliyewaambia sijawahi kumfahamu, lakini namwombea maisha marefu.

Kwa hiyo nilipoona watu wamejikunyata mbele ya meza yangu, mmoja na ndala, nikawahesabu. Tisa. Nikarudia, maana mimi sihesabu kitu mara moja: kumi. Yule mfupi alikuwa anajikinga upepo nyuma ya mnene.

Hawakuwa Wazungu. Walitoka Dar es Salaam, wanatengeneza tamthilia ya televisheni, habari za familia moja tajiri ya mwambao: jua, nyumba nyeupe, na watu wanaopendana wasivyotakiwa. Walikuwa wamepanda huku kupiga picha za fungate pale kreta. Ngorongoro ikawapa ukungu siku tatu mfululizo. Waliniambia wana saa nne za picha ya bwana na bibi harusi wakionyeshana kitu cheupe.

"Dada, hapa jua linatoka lini?" akauliza dairekta, akijaribu koti la kike lenye manyoya shingoni.

"Leo lilishatoka. Hukuliona?"

Alinunua lile koti bila kupunguziwa, nikajua huyu mtu ana matatizo makubwa zaidi ya baridi. Na kweli. Gari lao la vifaa lilikuwa limevunja gia na fundi anasubiri spea kutoka Arusha. Muda huohuo hoteli ya ufukweni waliyopanga kupigia sehemu ya harusi ilikuwa imewapa watu wengine nafasi yao. Harusi ilikuwa lazima ipatikane ndani ya wiki ile.

"Hivi huku," akasema, kama mtu anayeuliza dukani kitu anachojua hakipo, "hakuna bahari?"

Mimi nimekulia kwenye biashara. Mteja akitaka kitu ambacho huna, humwambii huna. Unamuuliza saizi.

"Mnataka bahari kubwa kiasi gani?"

"Ya kuonekana nyuma ya bibi harusi tu."

"Hiyo ipo. Iko Mang'ola."

Sikusema uongo. Mang'ola tunakotoa vitunguu kuna joto la kukausha nguo ukiwa bado umeivaa, kuna mikoche inayofanana na minazi ukiitazama kwa nia njema, na kuna Ziwa Eyasi. Ukingo wake ni magadi meupe, na kwenye simu yangu niliwaonyesha picha: maji, weupe, jua. Dairekta aliitazama picha ile mpaka nikadhani ataibusu. Sikumwambia niliipiga masika.

Tukakubaliana niwatafutie watu ishirini na wawili wa kujaza harusi. Hao nikawatoa Mbulumbulu kwetu, nikawapakia kwenye fuso, nikawahesabu wakipanda na wakishuka. Watu wa Mbulumbulu hawaamini joto. Walivalishwa kanzu na kofia za mwambao juu ya masweta, na mmoja alikataa kabisa kuvua gambuti. Dairekta akasema basi asimame nyuma ya kochi.

Tulipofika, ziwa halikuwepo. Yaani lilikuwepo, lakini kiangazi kilikuwa kimelisogeza mbali hata ng'ombe walioenda kunywa tuliwaona kama punje za mtama.

"Nani amehamisha bahari?" akauliza meneja wao, akinitazama mimi.

"Bosi, maji yamekupwa," nikasema. "Si ndivyo mnavyosema huko kwenu? Maji hukupwa na kujaa."

"Yatajaa saa ngapi?"

"Mwezi wa tatu."

Dairekta alivuta pumzi, akatembea peke yake kwenye magadi, akarudi akasema mchanga ni mweupe, jua ni jua, maji yataongezwa na kompyuta. Wakafunga nazi kwenye mikoche kwa kamba za katani. Nazi tulinunua Karatu, nazo zilitoka Tanga. Nilizihesabu kumi na nne. Baadaye kumi na tatu, na mtu mmoja wa Mbulumbulu alikuwa anatafuna.

Sasa, tatizo. Tatizo lilianzia kwa watu wao wawili. Mwigizaji wa baba wa bibi harusi alikuwa amepanda basi kurudi Dar kwa sababu ya baridi, bila kuaga. Na yule bibi harusi mwenyewe aliamka anaumwa tumbo, wakasema atapigwa picha za uso akipona. Kwa sasa wanataka mtu wa kimo chake, asimame ndani ya shela, mgongo kwa kamera.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike pale pale, kimo sawasawa. Na nilikuwa na baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, mzee mwenye sura ya kuheshimika ambaye nilimleta kujaza kiti tu. Nafasi mbili, familia moja. Nilijiona mjanja, na siku nzima nilitembea nikijiona mjanja.

Mdogo wangu alikuwa ameposwa. Mchumba wake ni fundi mwashi wa Kansay, kijana mpole asiye na maneno, na harusi yao ilikuwa imebaki wiki tano. Mdogo wangu alikuwa amemsubiri miaka miwili wakati nyumba inajengwa. Kila Jumapili alikuwa akiniuliza kama maua ya kitambaa hufuliwa. Hilo nililijua. Nililijua vizuri kuliko nilivyojua idadi ya nazi.

Kwetu binti anapoondoka nyumbani, mwenye kumbariki ni baba yake, na kama baba hayupo, kaka wa baba. Anasimama, anasema maneno ya baraka, na kila anapovuta pumzi watu wote wanaitikia kwa mvumo mmoja. Mzee akishasema na watu wakaitikia, binti ameondoka. Hakuna sahihi inayozidi hiyo.

Baba mkubwa alipewa karatasi yenye maneno ya baba wa mwambao. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Haya maneno hayana maji," akaniambia. "Nitasema yangu."

Akasema yake, kwa Kiiraqw. Mdogo wangu kasimama mbele yake ndani ya shela, kando yake yule mwigizaji, bwana harusi, kijana wa Dar mwenye ndevu za kuchorwa kwa wembe. Mzee akaomba njia yao iwe laini, ardhi iwapokee, mvua iwakute wamelala, ng'ombe wao waitane jioni kwa majina. Na wale watu ishirini na wawili, ambao tangu asubuhi dairekta alishindwa kuwafanya waonekane kama ndugu, wakaitikia wote kwa pamoja.

Fundi sauti alivua hedfoni akatazama juu. "Kuna nyuki wapi?"

"Kata!" akasema dairekta. Macho yamemlowa. "Mzee, hicho hicho. Hicho hicho tena!"

"Bosi, lakini hiyo ni lugha gani?" meneja akamnong'oneza. "Hii ni mwambao."

"Watazamaji watadhani Kingazija. Tutaweka maandishi chini. Tena!"

Akabariki tena. Mara ya pili ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wanarudi majini wakapita katikati ya harusi, na wachungaji wawili wakasimama kwa fimbo zao, wakasikiliza, wakaitikia nao. Mara ya nne nazi ilidondoka. Ilipita sikioni pa yule wa gambuti. Sikumbuki mimi kufikiria lolote zaidi ya kwamba jua linashuka. Mdogo wangu ndiye aliyenigeukia mara moja, akafunua shela kidogo, akasema, "Dada, baba mkubwa anaigiza kweli?"

"Geuka, unaharibu picha," nikamjibu.

Siku mbili baadaye mmoja wa watu wangu akarusha kipande cha video kwenye kundi la simu la kamati ya harusi, ile ya kweli, ya Kansay. Nia yake njema, aonekane alivyopendeza na kanzu. Kundi lilikuwa na watu arobaini na sita. Mjomba wa bwana harusi akatoka. Shangazi akatoka. Nilikaa na simu mkononi nawaona wanavyotoka kama watu wanaoondoka msibani: thelathini na tisa, thelathini na moja. Ilipofika kumi na nane, mdogo wangu akaninyang'anya simu, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mshenga akaja kesho yake. Alikataa chai, na mshenga akikataa chai ujue hajaja kuzungumza.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Nimetumwa kuuliza neno moja. Binti amebarikiwa au hajabarikiwa?"

"Ilikuwa tamthilia, mzee wangu. Michezo ya televisheni."

"Sikuuliza televisheni." Akamgeukia baba mkubwa. "Wewe ulibariki?"

Baba mkubwa angeweza kusema hapana. Nilimtazama kwa macho yote niliyonayo.

"Nilibariki," akasema. "Mimi kubariki kwa uongo sijui. Ungenifundisha wewe?"

Basi tukaitwa Kansay. Tulikaa uani kwao: upande huu mimi, baba mkubwa na mdogo wangu, upande ule wazazi wa kijana, bibi yake, na majirani waliokuja kuazima chumvi wote kwa wakati mmoja. Mwashi mwenyewe kakaa mwisho wa benchi, mikono ina saruji, anatazama chini.

Nikaanza na kile ninachokiweza. Nikasema, jamani, baraka zenyewe ni ngapi hasa? Mshenga akasema saba, maana kwenye video yule wa kugonga kibao cha namba mbele ya kamera anasikika akitaja saba. Nikasema saba ni hesabu ya kibao. Baraka zilizofika mwisho ni tano. Mbili zilikatika, moja kwa ng'ombe, moja kwa nazi.

"Ile ya ng'ombe haikukatika," baba mkubwa akasema. "Ng'ombe kupita katikati ya baraka? Ile ndiyo iliyoshika kuliko zote."

"Baba mkubwa, wewe uko upande gani?"

"Niko upande wa ng'ombe."

Nikabadilisha njia. Nikasema, basi mtazameni hivi: wasichana wengine huolewa na baraka moja, ninyi mnapata aliyebarikiwa mara tano, tuseme sita. Mama wa kijana akaniambia, "Mwanangu, haya si makoti."

Bibi ndiye aliyetoa neno. Akasema baraka haiwezi kufutwa, lakini aliyesimama kuipokea anaweza kuiachia. Aje aseme kwa kinywa chake.

Aliyeipokea, yule bwana harusi wa tamthilia, alikuwa Dar. Nikampigia. Akapokea, nyuma yake upepo na mawimbi, bahari ya kweli, ile yenye maji. Nikamweleza, nikaweka spika, nikamshikia bibi simu karibu na sikio. Nilitegemea aseme "namwachia" akate.

Kumbe mwigizaji ni mwigizaji. Akaanza kwa sauti ya chini, akasema kwamba yapo mambo ambayo mwanaume hupewa siku moja tu, jua likiwa usoni, na halafu anatakiwa kuyarudisha. Kwamba hakuwahi kuuona uso wa binti yule, aliona mkono wake tu, lakini mkono ule hatausahau. Na kwamba anamwachia, kwa moyo mmoja, aende kwa mwenye bahati. Sauti ikamkatika mwishoni. Sijui kama ilikuwa mtandao.

Jirani mmoja alijifuta machozi kwa kona ya khanga. Mwingine akamwinamia mdogo wangu, nami nilisikia vizuri kabisa: "Mwanangu, una hakika unamtaka huyu wa matofali?"

"Samahani," ikasema simu. "Pale katikati nilikosea. Naomba nirudie."

"Usirudie!" tukasema wote, Mbulumbulu na Kansay kwa pamoja.

Nikakata. Halafu hakuna aliyejua kinachofuata, kwa sababu sasa ilikuwa imeachiwa kwa uzuri mno, na yule mwashi alionekana mdogo kwenye benchi lake kuliko alivyokuja. Mshenga akamwambia, "Kijana, na wewe sema kitu." Akasogeza miguu. Akakuna saruji kwenye kidole gumba. Niliona mdogo wangu anamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Mang'ola niliogopa kweli, maana kama angekaa kimya pale, makosa yalikuwa yangu na hakuna bei ambayo ningeweza kuitaja.

"Nyumba nimemaliza linta, juu ya milango na madirisha," akasema. "Vyumba viwili. Bado kupaua."

Basi. Ndiyo yote.

Mdogo wangu akainua kichwa. "Viwili?"

"Viwili."

"Tulisema vitatu."

"Kiwanja kinateremka kule nyuma. Cha tatu kitashika maji."

"Si unanyanyua msingi?"

"Mawe ya kunyanyua yako wapi?"

"Mtoni kwenu hakuna mawe? Nimeyaona mwenyewe, tena siku ya posa nilijikwaa."

Akafikiri. "Labda kidogo. Chumba kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" akauliza mdogo wangu, akavuta kigoda chake hadi mbele ya benchi, na wakaanza kuchora chini kwa kijiti. Mama wa kijana akamwambia mtu aweke chai jikoni, na mshenga akasema yake isiwe na sukari nyingi.