Figo Yangu na Figo ya Shemeji

Kaka mkubwa wa mume wangu alipoona damu kwenye mkojo wake, alimwambia daktari, akamwambia msimamizi wa ghala anakofanya kazi, kisha akaja kwetu Doonside, huku ughaibuni tunakoishi, kumwambia mdogo wake. Mimi hakuniambia. Mambo ya mkojo hayasemwi mbele ya shemeji. Walisimama nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo, wakinong'onezana kama watu wanaopanga posa, nami nikawatazama dirishani huku naosha vyombo.

Jioni mume wangu alinieleza kwa sauti ya msiba. Kaka yake alikuwa ameshapigwa skani, na figo yake ya kushoto ilikuwa na uvimbe.

"Aliona damu mara ngapi?" nikamuuliza.

"Mara moja tu. Akakimbia kwa daktari."

"Mimi naiona tangu kabla ya Pasaka."

Akakaa kitandani polepole. "Unaona nini?"

"Damu."

"Na hukusema?"

"Nilimwambia daktari. Alisema ni maambukizi ya njia ya mkojo, kwamba wanawake huyapata sana. Akanipa antibiotiki. Damu ikaisha, ikarudi, akanipa nyingine."

Daktari mwenyewe alikuwa yule yule aliyemtuma shemeji skani siku ile ile. Hakuwa mtu mbaya, na mimi sikuwa nimembishia. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na kina bibi ninaowaogesha hupata maambukizi hayo kila mara. Nilijihesabu kuwa mmoja wao kabla ya umri wangu kufika.

Asubuhi mume wangu alinipeleka kliniki yeye mwenyewe, akaingia ndani bila kuombwa. Daktari alisoma kompyuta yake, akarudi juu, akasoma tena, kisha akaniandikia skani bila maneno mengi. Majibu yakaja: figo ya kulia, uvimbe mdogo. Mama mkwe alipopata habari kule Kakamega alipiga simu na kuniuliza moja kwa moja, "Wewe huko unawapikia watu wangu nini?" Nikamwambia mimi pia ni mgonjwa. Akasema basi labda ni maji.

Shemeji alipasuliwa kwanza. Walimkata uvimbe peke yake, figo ikabaki. Zamu yangu ilipofika, daktari wa upasuaji, kijana mpole mwenye mikono safi mno, aliniambia wataitoa figo nzima, na kwamba watu wengi wanaishi vizuri na moja.

"Ya shemeji yangu imeachwa," nikasema, "na uvimbe wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu."

Akaeleza kwamba wa shemeji ulikuwa pembeni, wangu umeingia ndani kidogo.

"Kuukata peke yake haiwezekani, au ni vigumu?"

Akatabasamu. "Ni vigumu."

"Basi nitafutie mtu anayependa vigumu."

Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Lakini kijana yule hakukasirika. Alimwita mwenzake, mama mmoja mtu mzima, ambaye alizitazama picha zangu kwa muda mrefu. Akasema atajaribu kuiacha figo, ila ikishindikana mezani ataitoa yote. Akaongeza kwamba ameona wanawake wengi wakitolewa figo nzima kwa uvimbe mdogo, na kwamba sababu yake haijulikani vizuri. "Wanaouliza ni wachache," akasema.

Nilipoamka kwenye dawa ya usingizi, jambo la kwanza nililouliza ni hilo. Figo ilikuwa bado yangu.

Kuugua kwetu ndiko kulikotofautiana zaidi. Shemeji hana mke, kwa hiyo alikuwa ameuguzia kidonda kwetu, kwenye kochi la sebuleni. Kila alipokohoa alikumbatia mto na kumwita Mungu kwa Kiluhya. Wanaume wa kanisa walikuja wakakaa naye kutazama mpira, wakaletewa chakula. Walipokuja kina mama kunitazama mimi, nilijikuta nimesimama jikoni nawachemshia chai. Dada mmoja Mkongomani akaninyang'anya sufuria. "Mama, keti," akasema. "Leo chai iko kazi ya papa." Papa, yaani mume wangu, akaingia jikoni. Maziwa mengi yalimwagikia jikoni kuliko yaliyofika vikombeni, na kina mama wale walikunywa wakimsifu hadi akaanza kuamini.

Majibu ya maabara yaliporudi, uvimbe wangu ulikuwa saratani ya aina ya upole. Wa shemeji ulikuwa mkali. Daktari wake alimweleza kwamba saratani hii huwapata wanaume zaidi, na mara nyingi huwajia kwa ukali zaidi.

"Kumbe hata saratani inawaogopa wanawake," shemeji akaniambia.

"Haituogopi. Inatuheshimu."

Akacheka akishika ubavu.

Mwaka uliofuata skani ilionyesha madoa kwenye pafu lake. Sikumtania kwa muda, na yeye akaniuliza kama nimemkasirikia. Walimwanzishia dawa ya kutiwa kwenye mshipa, na kwa kuwa mume wangu hufanya kazi mchana, mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka. Alikuwa akilala kwenye kiti kile mdomo wazi, mikono imekunjwa kifuani. Nilimtazama na kuona jinsi alivyokonda, nikageukia dirisha.

Mwezi uliopita madoa yalikuwa yamepungua. Daktari alisema yamepungua, hakusema yameisha, na shemeji alimfanya alirudie neno hilo polepole. Kisha akasema anataka samaki. Tukaenda sokoni Cabramatta, akachagua mmoja mkubwa, akabishana na muuzaji juu ya macho ya samaki huyo, tukanunua na mchicha. Nilipoinama kuchukua mifuko alinizuia.

"Wewe umepasuliwa," akasema.

Nilikuwa nimepona zamani. Nikamwacha aibebe yote miwili hadi kwenye gari.