Nilivyogeuza Mbegu za Mwaitu Kuwa Herufi

Kama mnataka kunicheka, ngojeni kwanza nimalize, maana mkianza sasa mtaishiwa na nguvu kabla hamjafika penye aibu yenyewe. Mkasa huu huwa sipendi kuusimulia, ingawa kuuficha ni kujidanganya tu, kwa sababu kule nyumbani, ukitoka Kyumbi kidogo, hakuna mama hata mmoja asiyeujua, na wapo ambao mpaka leo wakikutana nami sokoni wananisalimia kwa kusema, "Mwalimu, mbegu ziko salama?" nami nacheka meno nje huku uso unawaka.

Ulikuwa mwaka ule wa korona, shule zimefungwa. Binti yangu Mwende alikuwa na miaka minne, ameonja darasa la chekechea, PP1, wiki chache tu, akarudishwa nyumbani na kibegi chake kipya. Tukaacha chumba chetu cha kupanga kule Mavoko, baba yake akabaki na kazi ya kiwandani, mimi na mtoto tukaenda kukaa na mama mkwe wangu, ambaye namwita Mwaitu kama wanavyomwita watoto wake wote. Ualimu sijausomea hata siku moja, lakini niliogopa mtoto asahau hata yale machache, basi nikaanza kumtengenezea michezo. Vizibo vya soda vikawa vya kuhesabia. Makatoni ya mafuta ya kupikia nikayakata kadi. Gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa ngano na maji (Mwaitu akaniuliza huo uji ni wa nani, mbona hauna sukari). Mkiniuliza ni lini nimekuwa na furaha maishani, nitawaambia ni siku zile, tumekaa sakafuni kwenye veranda, vidole vimegandana, Mwende anaimba namba na kuruka saba kila mara. Sasa anakaribia miaka kumi na hataki hata nimshike mkono barabarani.

Mchezo alioupenda zaidi ulikuwa wa herufi. Namchorea herufi kubwa kwenye katoni, yeye anapanga vitu juu ya mstari na kuvibandika, halafu anaifuata kwa kidole. Tulianza na vijiwe, vikawa vinaanguka. Nikatafuta kitu chepesi, kizuri, chenye rangi, na macho yangu yakaenda stoo, kwenye kibuyu cha Mwaitu.

Hapo ndipo mnielewe vizuri. Kibuyu kile kilikuwa na maharagwe ya mbegu, yenye madoa mekundu, ambayo Mwaitu alipewa na mama yake alipoolewa. Tangu siku hiyo hakuwahi kununua mbegu. Hata ile miaka mvua ilipokataa na watu wakala mbegu zao, yeye alilala njaa na kibuyu kikabaki kimefungwa. Na mwaka huo alikuwa ameniahidi kwamba siku ya kupanda atanikabidhi kibuyu mbele ya akina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kulimiana mashamba kwa zamu. Mimi nililelewa mjini, wifi zangu walikuwa wananiona mtu wa kununua mboga ya sukuma iliyokatwa tayari, kwa hivyo kukabidhiwa kibuyu kile kwangu kulikuwa sawa na kuambiwa, sasa wewe ni wa hapa. Nilikitaka sana, sitadanganya.

Na ni mimi huyo huyo niliyekifungua. Konzi moja tu, nilisema, ya A. Lo, ile A ilipendeza! Mwende akataka E, halafu akataka M ya jina lake (na M inakula maharagwe, muulizeni mtu aliyewahi kuibandika), na tulipomaliza S kibuyu kilikuwa kinalia kama kayamba. Nikajiambia, maharagwe si maharagwe? Nikaenda dukani Kyumbi, nikanunua maharagwe ya nyayo kilo mbili, yenye madoa yanayofanana, nikajaza. Nia yangu ilikuwa kuyabandua yale mengine polepole kabla ya mvua.

Mvua ikaja mapema. Asubuhi yake akina mama kumi na mmoja walikuwa langoni na majembe, barakoa ziko kidevuni, na Mwaitu akaita, "Mama Mwende, lete kibuyu!"

Nilipochungulia ndani nilikufa ganzi. Mbegu za Mwaitu hukaa kwenye jivu ili zisitobolewe na wadudu, na zangu za duka zilikuwa safi, zinang'aa. Nikakimbia jikoni, nikachota jivu mafigani, nikamimina, nikatikisa, nikaziba kwa gunzi la mahindi na kuondoka. Njiani nilisikia kibuyu kina joto kifuani, nikadhani ni moyo wangu.

Shambani Mwaitu alisimama katikati yao, akaniita kando yake, akasema nimeolewa pale miaka sita na ameona mimi ni mtu wa kazi, kisha akasema tuombe. Tukafumba macho. Aliyefumbua wa kwanza ni Mama Kioko, jirani yetu, mwenye sauti ya kufika mji wa Tala bila simu.

"Aiya! Mama Mwende, umebeba mbegu ama umebeba jiko?"

Kibuyu kilikuwa kinafuka moshi. Kumbe lile jivu lilikuwa na makaa. Nikakiachilia, gunzi likaruka, jivu na cheche na maharagwe vikamwagika mbele ya miguu ya mwethya nzima. Mwaitu akainama, akaokota harage moja, akalipangusa, akaligeuza.

"Hii si yangu," akasema.

Mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Mwaitu, labda ni moto umeibadilisha rangi." Nilisema hivyo na akili zangu timamu, mbele ya wanawake waliozaliwa kwenye maharagwe!

Mwende alikuwa ametufuata. "Susu, usilie," akamwambia nyanya yake (na kweli Mwaitu alikuwa ameanza kulia, jambo ambalo sijawahi kuliona tena). "Zako hazijaungua. Ziko kwa A. Na kwa M. Ngoja nikuletee."

Akaenda mbio, akarudi anaburuta gunia la makatoni. Nilitamani ardhi inimeze, ila ilikuwa imelowa tu, haikufunguka. Akina mama wakaleta karai la maji, wakaloweka katoni, wakakaa ukingoni mwa shamba kubandua mbegu kwa kucha, na kicheko chao nadhani kilisikika mpaka barabarani. Mwende akaweka sheria yake kwamba hakuna kubandua kabla ya kutaja jina la herufi. Basi wazee wa watu, wengine hawakuwahi kukanyaga darasa, wakawa wanasoma A na E ili waruhusiwe kupanda. Zamu ya Mwaitu ikafika, akapewa M.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mwende. Na ya Mwaitu pia, ni moja."

Akaifuata kwa kidole, mguu baada ya mguu, akairudia, ndipo akaanza kuibandua. Kibuyu sikukabidhiwa. Alikibeba mwenyewe kurudi nyumbani, kikiwa kimeungua shingo upande mmoja.

Mbegu ziliota karibu zote. Baada ya kuvuna, Mwaitu akakijaza tena, akaita mwethya, nami nikavaa leso yangu nzuri. Akanipita. Akamwekea Mwende kibuyu mapajani, akasema, "Mwenyewe ni huyu, kwa sababu alisema ukweli. Wewe utakuwa unamuomba."

Tulicheka sote, nikidhani ni mzaha. Mwaitu ametuacha mwaka wa pili sasa, na namkumbuka kuliko ninavyoweza kueleza, na haukuwa mzaha. Nimeapa sitagusa cha mtu kabla ya kumuuliza, hata kiwe cha mtoto niliyemzaa mwenyewe, na kila mvua inapokaribia nasimama mlangoni kwa binti yangu kuomba mbegu. Mwaka jana nilimwambia anipe tu kibuyu nikibebe mwenyewe mpaka shambani, nitakuwa mwangalifu.

Akanitazama, akakikumbatia.

"Mama," akasema, "wewe shika karai."

Nikashika karai, nikamfuata.