Baba Alinikaririsha Herufi za Daktari wa Macho

Naomba jina langu lisionekane. Baba hasomi ukurasa huu, lakini wateja wake wanausoma, na hapa kambini Dzaleka, Malawi, habari haihitaji miguu. Nina miaka kumi na minane, niko Form Four. Tulitoka Bukavu, Kongo, nikiwa mdogo. Baba ni fundi cherehani. Mimi nataka kuwa rubani wa ndege za abiria. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho, kwa sababu naandika nikiwa na hasira na sijazoea kumkasirikia baba yangu.

Mwalimu wetu wa fizikia alinieleza kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni chuo kinachokuchukua hujui kitu, unasoma na kuruka huko huko mpaka unatoka na leseni ya kazi. Ya pili ni hatua kwa hatua: unapata leseni ya ndege ndogo, unakusanya saa za kuruka kidogo kidogo, mtihani mmoja mmoja, huku ukijitegemea. Wengine huzeekea humo. Mwaka huu shirika moja limetangaza kuwalipia vijana wakimbizi njia ile ya kwanza. Mwalimu akasema, "Kabla ya kupenda chuo, nenda kwa daktari wa marubani. Bila cheti cha afya, hayo mengine ni maneno."

Hapo ndipo Baba alipoingia.

Macho yangu hayaoni mbali. Tangu Form Two nanakili kazi za ubaoni kutoka daftari la jirani. Walimu walimwomba Baba aninunulie miwani, akakataa kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Rubani na miwani? We umeona wapi? Batakukataa mlangoni!"

Baba si mtu mbaya. Ametulea akiamini kwamba mkimbizi akiulizwa swali, lazima awe ameshajua jibu. Kabla ya kila mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine alitupanga kwenye benchi kama kwaya: "Mulitoka siku gani? Nani alitangulia? Mulilala wapi?" Mdogo wangu alikuwa anasimulia vizuri kabisa safari iliyofanyika kabla hajazaliwa.

Basi Baba akaenda Kawale, mjini Lilongwe, akaingia duka la miwani kama mteja, akanakili herufi zote za ubao wa macho nyuma ya karatasi ya vipimo vya suruali. Akaibandika juu ya cherehani. Kila jioni kabla ya kula nsima, ugali wa huku, alinisimamisha mlangoni, mahali ambapo sikuona hata kama ile ni karatasi.

"Mstari wa sita!"

Nikasema.

"Haraka sana. Mwenye macho hakimbizi herufi. Ile ya mwisho, kunja uso kidogo."

Nilikubali. Hilo nalikiri.

Siku ya daktari tulikwenda Lilongwe pamoja. Daktari aliniambia nisome ubao. Niliona ukungu mweupe tu. Nikaanza mstari wa sita, taratibu, na kwenye herufi ya mwisho nikakunja uso kama nilivyofundishwa. Daktari akageuka kumtazama Baba kwenye kiti chake karibu na mlango. Midomo ya Baba ilikuwa inacheza pamoja na yangu.

"Binti," daktari akasema, "ubao huu hauna herufi. Una namba."

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini kilichoniumiza ni alichosema baadaye. "Marubani wanakuja hapa na miwani yao, nawapitisha. Ungekuja na yako, ningekupima ukiwa umeivaa. Macho hayakukuangusha. Ila siwezi kumpa cheti mtu anayesoma kitu asichokiona." Akaandika kwamba nimekataliwa.

Baadaye Mama alinipeleka Lilongwe, sisi wawili tu, akaninunulia miwani bila kumwambia Baba. Tulipokuwa tunarudi, karibu na Lumbadzi penye uwanja wa ndege, ndege ilikuwa inashuka, na kwa mara ya kwanza maishani niliona magurudumu yake. Nililia kwa furaha, kisha nikalia kwa hasira. Miaka yote hii!

Sasa mwalimu ametupatia nafasi kwa daktari mwingine, Blantyre, wiki ijayo. Fomu yake inauliza: umewahi kukataliwa cheti cha afya cha urubani? Nikijibu Ndiyo, watasimamisha kila kitu mpaka wachunguze, na maombi ya shirika yanafungwa mwisho wa mwezi. Itabaki ile njia ya pili, nami sina wa kunishika mkono.

"Andika Hapana," Baba ameniambia. "Mkimbizi habamuulizi mara mbili. Jirani yetu alisema kweli kwenye mahojiano kwamba alikuwa anakohoa. Iko wapi leo? Njo yule pale, anauza mandazi."

Nikamjibu, na sijawahi kumjibu hivyo: "Baba, ulinifundisha uongo mahali ambapo ukweli ungenipitisha!"

Mama akanishika mkono. "Nyamaza. Alifanya vile juu ya kukupenda." Ndiyo maana hasira yangu haina pa kwenda. Nikisema nimeumizwa, naitwa mtoto asiye na shukrani.

Jana nilisimama mlangoni na miwani yangu. Ile karatasi bado iko juu ya cherehani. Nikaisoma kwa sauti, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, hata zile herufi ndogo kabisa za chini. Nilikuwa naziona. Zote. Baba hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kitambaa.

"Vizuri, mama," akaniambia. "Bado unazikumbuka."

Fomu iko ndani ya daftari langu la fizikia. Nimejaza kila mahali isipokuwa kisanduku kimoja. Ninyi mliolea mabinti, na ninyi mliowahi kusimama mbele ya fomu kama hii, niambieni kabla ya Jumatatu: niandike Ndiyo nianze kupanda ile njia ndefu peke yangu, au niandike Hapana niruke nikiwa bado nasoma nisichokiona? Nifanye nini?