Msitu chini ya bati linalovuja

Mvua ya asubuhi inapiga bati, na katika chumba cha mwisho cha shule hii ya msingi watoto wamelala chali sakafuni, penseli mkononi, macho juu. Tone la maji linapenya kwenye tundu la paa. Linaangukia jani la karatasi lililopakwa nta, linateleza hadi kwenye ncha, linadondokea jani jingine chini yake, kisha jingine, mpaka linalia ndani ya ndoo.

"Limefika!" wanapiga kelele.

"Limepita majani mangapi?" anauliza mwalimu wao, ambaye naye amelala chali katikati yao na gauni lake la kazini.

"Saba!"

"Nane! Mwalimu, huyu la kwake kaliruka!"

Hili ni somo la msitu wa mvua. Mwalimu hana projekta, wala kitabu cha picha za rangi. Ana shuka kuukuu zilizochorwa matawi na kutundikwa darini, mifuko ya saruji iliyosokotwa ikawa mizizi, mamia ya majani ya karatasi yanayoning'inia kwa uzi, na paa linalovuja.

Watoto wanamwita Mwalimu Kivuli. Jina hilo limetokana na sheria yake moja, ambayo mwandishi wa makala haya aliambiwa mlangoni kabla hata ya kuambiwa avue viatu: humu ndani ni marufuku kuchora jua.

"Mtoto ukimwambia chora msitu, anaanza na jua pembeni ya karatasi, lina miale na meno linacheka," anasema huku akicheka yeye mwenyewe. "Kisha miti mitatu kwenye mstari, umbali sawasawa kama nguzo za umeme. Kisha twiga. Sasa twiga akiingia kwenye msitu mnene kama ule si atanasa shingo?"

Alianza miaka sita iliyopita, na alianza kwa kuudhika. Kitabu cha darasa la nne kilikuwa na picha moja ya msitu wa mvua, ndogo, iliyotiwa weusi na mashine ya kunakili. Mtoto mmoja alimuuliza kama ule ni moshi. Siku ya jaribio, darasa zima lilijibu kwamba msitu wa mvua una tabaka nne, na wote wakapata. Akawaambia wachore walichojibu.

"Walinitajia tabaka nne bila kukosea hata moja, halafu wakanichorea bustani ya maua," anasema. "Nilikaa na yale makaratasi nikaona nimefundisha maneno matupu. Iliniuma, sikufichi."

Aliomba chumba. Akapewa stoo ya madawati mabovu, iliyokuwa haitakiwi na mtu kwa sababu ya lile paa. Tangu hapo kila darasa la nne linaujenga msitu huo na kuuongezea, kuanzia chini. Kwanza sakafu yenye giza, majani yaliyooza na mizizi mipana inayoshikilia miti mirefu isianguke. Kisha vichaka, kisha paa la majani yaliyoshikana, na mwisho miti michache inayochomoza juu ya mingine yote.

Rangi ya kijani hainunuliwi. Mtoto anapewa njano na bluu, akitaka kijani akitafute. "Kijani cha kopo ni kimoja. Msituni viko vingi mpaka unachanganyikiwa," anasema. Njano na bluu hizo anazinunua mwenyewe, na kwa mwezi zinakula karibu sehemu ya kumi ya mshahara wake. Vipande vya mishumaa vya kuyeyusha nta huvitoa nyumbani, na shuka nazo huzitoa nyumbani, jambo ambalo mama yake mzazi anayeishi naye ana la kusema juu yake.

"Mimi siku hizi nalala nimeishika shuka kwa mikono miwili," anasema bibi huyo. "Nikizubaa naamka nasikia imekuwa tawi."

Ncha ya jani ndiyo somo analolipenda kuliko yote. Kila mtoto hukata jani lake, hulipaka nta, kisha mwalimu hulimwagia kikombe cha maji. Jani la mviringo linatuamisha maji, linalegea na kukunjika. Lenye ncha ndefu linayamwaga na kubaki limesimama. "Ndivyo miti ya kule ilivyo, mvua haiishi, sasa jani lisipojua kumwaga maji litaoza," anaeleza. Hakuna mtoto aliyetoka humo ambaye ukimuuliza kwa nini jani lina ncha atakodoa macho.

Asubuhi hiyo ya mvua, mvulana mmoja aliinua kichwa sakafuni.

"Mwalimu, wewe kule msituni ulikwenda lini?"

"Sijafika, mwanangu."

Penseli zote zilisimama.

"Sasa unajuaje kuwa chini jua halionekani?"

"Nimesoma. Nimetazama video. Nimewauliza waliofika."

"Labda walikwenda siku ya mawingu," ilisema sauti ya msichana kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko. Msichana huyo ndiye mtuhumiwa sugu wa makosa ya jua. Mwalimu amewahi kulikuta jua lake limejificha nyuma ya jani, dogo kama kifungo cha shati.

Kicheko hicho kilificha jambo zito. Kwa miaka yote sita, katika kila kikao cha walimu, Mwalimu Kivuli alikuwa akisimama kudai paa litengenezwe, mpaka wenzake wakawa wanatania kwamba jina lingemfaa zaidi Mwalimu Bati. Muhula huu, mwalimu mkuu alisimama mbele ya wazazi akatangaza kwamba mchango umetosha na paa litatengenezwa. Mwalimu Kivuli alipiga makofi kuliko wote.

"Nikiwa bado napiga, nikasikia anaendelea," anakumbuka. "Kwamba chumba kikishapona kinakuwa darasa. Mikono ikabaki hewani."

Mwalimu mkuu si mtu mbaya, na mwalimu mwenyewe ni wa kwanza kusema hivyo. Dawati la watu watatu hapa linakaliwa na watoto watano, na wa pembeni huandika goti likiwa nje. "Ningefanyaje?" anauliza mwalimu mkuu. "Nina watoto hawana pa kukaa, na nina chumba kina miti ya karatasi."

Baadhi ya wazazi waliona ni heri. Mmoja alisimama akasema binti yake anarudi nyumbani ana gundi kwenye nywele na hesabu hazijui. Mzazi huyo ni fundi wa mabati, na ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza paa. Binti yake ndiye yule wa jua.

Siku fundi alipopanda juu na nyundo yake, watoto walikusanyika chini wakamwomba aache tundu moja tu, mvua ipate pa kuingilia.

"Nimechukua hela za watu niache tundu?" aliwajibu kutoka juu. "Mnataka nikalale ndani?"

Lakini tundu lenyewe hakuliona vizuri akiwa juu. Ikabidi ashuke, aingie chumbani, alitafute kwa chini. Majani yalimzuia. Binti yake akamwambia, "Baba, huku hatuangalii tumesimama. Lala chali." Fundi akalala chali, na ovaroli yake, kwenye sakafu ya msitu. Binti akamwonyesha jani lake, akachota maji kwenye ndoo, akapanda juu ya dawati, akayamwaga kwenye majani ya juu, yakashuka jani hadi jani mpaka yakamfika baba yake puani.

"Niliingia kutafuta tundu nikajikuta nimepotea," anasema fundi akijikuna kidevu. "Mtoto ananieleza mambo ya ncha ya jani na mteremko wa maji. Mimi mteremko wa maji ndiyo kazi yangu, lakini hata siku moja hatujawahi kuuongea nyumbani."

Alipoinuka alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu. Aliyoyasema huko yanarudiwa na shule nzima, kila mtu kwa sauti yake. "Mkuu, madawati yanakaa chini. Huu msitu mwingi uko juu. Sasa mnagombania nini?"

Mwalimu mkuu akakubali madawati yaingie na msitu ubaki juu.

Ziara ya pili ya gazeti hili ilikuta paa limepona na chumba kina wenyewe. Madawati yamepangwa na mwalimu wa hesabu yuko ubaoni. Juu ya vichwa vya watoto msitu umebaki wote, shuka, matawi na majani, umefungwa upya kwenye papi mpya, zile mbao za kushikilia bati, ambazo fundi alizipigilia mwenyewe baada ya kuona zile za zamani zimeoza.

Sakafu ya msitu ndiyo iliyokwenda. Mwalimu Kivuli aliikunja mizizi kwa mikono yake, watoto walipokwisha kuondoka. "Nililia," anasema. "Ile mizizi ilikuwa kazi ya watoto wa mwaka wa kwanza. Wengine sasa wananizidi urefu."

Pale palipokuwa na tundu fundi hakuweka bati la kawaida. Aliweka kipande cha bati la kupitisha mwanga, kilichobaki kwenye kazi nyingine, na hakukidai. Mwanga wake hupenya katikati ya majani na kuanguka kwenye dawati moja tu. Asubuhi ya kwanza watoto nusura wapigane kulikalia, hadi Mwalimu Kivuli alipoingia kuwaeleza kwamba hata msituni mti mkubwa ukianguka huacha uwazi, na miche iliyongoja gizani miaka mingi hupata zamu yake ya kukua. Tangu siku hiyo dawati hilo linakaliwa kwa zamu, na anayelikalia anaitwa Mche.

"Wanaangalia juu sana," analalamika mwalimu wa hesabu, ingawa naye alikutwa akiangalia.

Uchoraji sasa unafanyika mchana, madarasa yakimalizika. Mwalimu Kivuli anajenga sakafu mpya ya shuka, inayoweza kutandikwa na kukunjwa, na mama yake ameamua kuishona pindo ili angalau shuka zake zitendewe haki.

Na likizo ndefu ijayo anasafiri. Msitu wa mvua ulio karibu ni safari ya siku mbili kwa basi, na nauli, anasema, imeshatimia. Ataongozana na mama yake. Akirudi, anataka kumshawishi mwalimu mkuu kwamba mwaka unaofuata basi zima lijae darasa la nne.

Kitu cha kwanza atakachofanya akifika?

"Nitalala chali," anasema bila kufikiri. "Nitazame juu. Nikiliona jua, nina watoto mia tatu wa kuwaomba radhi."

Kwenye dawati lenye mwanga, Mche wa wiki hiyo, binti wa fundi, anainua uso kutoka kwenye karatasi yake.

"Lakini nenda siku isiyo na mawingu, Mwalimu."